Uzoefu wangu na Rockies msimu wa 2025: mapitcha wametumaliza

Nianze kwa kusema mi ni shabiki wa kweli, sijaja hapa kuponda timu ya watu. Naishi Aurora huku Colorado mwaka wa saba sasa, na msimu wa 2025 nimeingia Coors Field, uwanja wa Rockies, mara 14 na mwanangu wa miaka 11, tiketi zote kwa hela yangu ya kazi ya usiku, hakuna aliyenipa cha bure. Kwa hiyo kama kuna mtu yuko Denver au anakuja kutembea na anajiuliza kama inafaa kulipia kuiona timu ya besiboli ya Colorado Rockies ikicheza, haya ndo niliyoyaona kwa macho yangu, mazuri na mabaya, na mabaya ni mengi.

Kwa ambao besiboli hawaijui vizuri, pitcha, yaani mrushaji wa mpira, ndo timu. Yaani mchezo wote unaanzia mkononi kwake, asiporusha hakuna kinachotokea. Kwenye soka ukiwa na timu mbovu unaweza ukapaki basi nyuma, ukapoteza muda, dakika 90 zikaisha ukaondoka na sare yako. Huku hakuna saa ya kukuokoa na hakuna sare. Lazima uwatoe wapinzani mara 27, na kama pitcha wako hawezi kuwatoa basi inningi (zamu ya kupiga, inaisha wakitolewa watu watatu) haiishi, mtasimama hapo wao wakizunguka besi, vile vituo vya uwanjani, na kurudi nyumbani, kila anayerudi ni mkimbio mmoja, wakizunguka na kurudi, na nyie mashabiki mmekaa mnaangalia tu. Ndo maana timu yenye mapitcha wabovu inaumiza kuliko timu yenye wapigaji wabovu. Wapigaji wakishindwa mchezo unaenda haraka mnarudi mkalale, mapitcha wakishindwa mnakaa pale usiku kucha.

Sasa namba zenyewe. Msimu wa 2025 tumeshinda mechi 43 tumepoteza 119. Tofauti ya mikimbio tuliyofunga na tuliyofungwa ni 424 dhidi yetu, haijawahi kutokea tangu mwaka 1900. Mapitcha wa kuanza mechi wamemaliza na ERA ya 6.65, yaani kila wakirusha inningi 9 wanaruhusu karibu mikimbio 7, na hiyo ni mbaya kuliko timu yoyote tangu hesabu hiyo ianze kuwekwa rasmi mwaka 1913. Na usidhani ni ajali ya mwaka mmoja, 2023 tulipoteza 103, 2024 tukapoteza 101. Kila mwaka tunaambiwa timu inajengwa upya, vijana wanakuja, tuvumilie. Nimevumilia aisee. Ila nyumba inayojengwa upya mtu unapita asubuhi unaona tofali limeongezeka, hapa mi naona ukuta unazidi kushuka.

Usiku ambao sitausahau ni tarehe 10 Mei, mechi na San Diego Padres. Mwanangu ana daftari lake la kuandikia mechi, lina visanduku, kila mpigaji na kisanduku chake kwa kila inningi, anaandika kwa penseli nani kapiga, nani katolewa, nani kapewa besi ya bure kwa sababu pitcha kakosa straiki (mpira uliopita sehemu sahihi). Anaandika vizuri kuliko anavyoandika hesabu za shule. Usiku ule visanduku vya Padres vikawa vinajaa kabla inningi haijaisha, mpigaji yuleyule anarudi mara ya pili kwenye inningi ileile, mtoto akaanza kuandika pembeni, akachora mshale, akaandika juu, mwisho akaweka penseli chini akanyamaza. Tulifungwa 21 kwa 0. Ishirini na moja! Kesho yake tukashinda 9 kwa 3 na bado kocha Bud Black akafukuzwa, timu ikiwa imeshinda 7 na kupoteza 33, nafasi yake akapewa Warren Schaeffer. Sina ubaya na yeyote kati yao, lakini kocha hapandi kile kilima cha pitcha kurusha mpira.

Ila kilichonikaa kichwani usiku ule ni pitcha wa Padres. Stephen Kolek alirusha mechi nzima, inningi zote 9 peke yake, hakuruhusu hata mkimbio mmoja. Kwenye uwanja uleule. Kilima kilekile, mpira uleule, hewa ileile.

Nasema hewa kwa sababu huku kila ukilalamika jibu ni hilo, "ni hewa ya Denver". Na siwezi kudanganya, hewa ni tatizo la kweli. Mji uko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,600, ukipanda siti za juu kabisa utaona kuna mstari mmoja wa viti vya zambarau, wameuweka kuonyesha hapo ndo maili moja kamili. Hewa ni nyepesi, mpira ukipigwa unaenda mbali zaidi, na kevu (mpira wa kupinda) ambayo pwani ingepinda ikamchanganya mpigaji huku inakuja imenyooka kama embe linaloning'inia, anachuma tu. Tena wameufanya uwanja wa nje mkubwa sana ili homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya ukuta) zipungue, matokeo yake mpira unaanguka katikati pasipo na mtu. Na ukavu nao, mpira unateleza vidoleni. Ndo maana tangu 2002 mipira inahifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu kabla ya mechi, isikauke ikawa migumu.

Hayo yote nayakubali. Swali langu ni moja, mbona ugenini tulikuwa wabovu zaidi ya nyumbani? San Francisco iko baharini pale, hewa nzito, Los Angeles hivyohivyo, na huko kote tulipigwa.

Na mbona wengine wameweza hapahapa? Ubaldo Jiménez mwaka 2010 alishinda mechi 19 akiwa na jezi hii, ERA yake 2.88. Kyle Freeland mwaka 2018 akashinda 17 akapoteza 7, ERA 2.85, halafu mechi ya mtoano kule Chicago akaenda inningi 6 na zaidi bila kuruhusu mkimbio na timu ikashinda 2 kwa 1 kwenye inningi ya 13. Na Freeland ni mtoto wa Denver, kazaliwa hapa kasoma hapa, hiyo hewa ndo aliyokua nayo. Sasa mtu huyohuyo 2025 kapoteza mechi 17. Mi bado nampenda, anapambana, unaona kabisa anavyotembea akitolewa kwamba imemuuma kama inavyotuuma sisi. Ila huwezi kumwachia mzigo wote mtu wa miaka 32 wakati nyuma yake hakuna kitu.

Halafu kuna Chase Dollander. Huyu ndo tunayeambiwa ni kesho yetu, alichaguliwa wa 9 kwenye drafti ya 2023, pale timu zinapochagua vijana wapya, akaanza ligi kuu Aprili 2025. Fastiboli yake, yaani mpira wa kasi, nimeiona karibu, inatoa mlio kwenye glovu ya kecha (mdakaji) ambao wa wengine hautoi. Ugenini ERA yake ilikuwa chini ya 4, mzuri kabisa. Nyumbani ikawa karibu na 10. Sasa kijana kama huyu ndo anahitaji mtu wa kumkalisha chini amwambie huku Denver tunarusha hivi, mpira huu uache, huu ongeza, ukimkosa mpigaji hapa usirudie hapahapa. Timu imekuwepo tangu 1993, imecheza Coors Field tangu 1995, miaka 30 kwenye uwanja mmoja! Ilitakiwa iwe inajua kurusha mpira kwenye milima kuliko timu yoyote duniani. Hicho ndo kinachoniuma kuliko zile 119, kwamba kila kijana anayekuja anaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kurusha hapa kabla yake.

Kwenye bulpeni, kwa mapitcha wa akiba, ndo usiseme. Sisi huwa tunakaa upande wa kulia karibu na pale wanapopashia moto, kwa sababu mwanangu na yeye ni pitcha kwenye timu ya watoto, anapenda kuwaangalia mikono. Siku moja mwezi wa nane tulikuwa karibu sana na kijana mmoja aliyeitwa aingie, sitamtaja jina. Anasugua vidole kwenye suruali, anashika kifuko cha unga, anasugua tena, anaangalia mpira kama kuna kitu kimeandikwa pale. Akarusha kama mipira 20 hivi na kecha wa bulpeni karibu nusu anaifuata pembeni. Mwanangu akaniambia kwa sauti ndogo, baba, huyu hayuko tayari. Wakamfungulia geti akakimbia kwenda kilimani, mpira wa kwanza boli (umetoka nje), wa pili boli, mtu wa kwanza kapewa besi ya bure, wa pili kapewa besi ya bure, wa tatu akapiga ukutani. Sikumkasirikia yule kijana hata kidogo. Niliwakasirikia waliompeleka. Na mwezi wa saba wazoefu wa bulpeni wenyewe walishauzwa, Jake Bird kaenda Yankees, Tyler Kinley kaenda Atlanta, naelewa timu inayojengwa upya inauza wakubwa ichukue watoto, hata Ryan McMahon walimtoa wakapata mapitcha wawili chipukizi, sawa. Lakini zile mechi zilizobaki kuna watu walilipia.

Niwe mkweli pia, kuna usiku mmoja uliolipa. Tarehe 1 Agosti, na Pittsburgh Pirates. Tumeingia, tumekaa, chakula hata hatujafungua, tumefungwa 9. Inningi ya kwanza, sisi hata hatujapiga! Watu wakaanza kutoka. Mi nikamwambia mtoto tukae tu, tumeshalipa. Tukawa tunarudi mdogomdogo, wanafunga tunafunga, mpaka inningi ya tisa tukaingiza 5, na Brenton Doyle akapiga homurani ya watu wawili mchezo ukaishia hapo, 17 kwa 16. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikamkumbatia mzee mmoja wa kizungu ambaye simjui, mwanangu analia kwa furaha. Nisingeuza usiku ule kwa hela yoyote. Ila kwenye treni narudi nikawa nawaza, ili tushinde mechi moja imebidi tufunge 17, na hakuna timu inayoweza kufunga 17 kila siku.

Rafiki yangu mmoja wa Bukavu tunafanya naye kazi huwa ananiuliza, ndugu yangu, unalipa pesa ili ukaumie roho? Nikamjibu mbona na wewe una timu yako. Akanyamaza.

Ila swali lililonipa shida ni la mwanangu. Mwezi wa tisa alipigwa vibaya kwenye mechi yao ya watoto, anaingia kwenye gari anafunga mkanda ananiambia, baba, mipira yangu haipindi kwa sababu ya hewa, si ndiyo? Nilinyamaza muda. Kwa sababu nilijua kalitoa wapi hilo neno, kalisikia msimu mzima pale uwanjani na kwenye TV na pengine kwangu mwenyewe nikiwa nimechoka. Jioni ile nikamtafutia video za Freeland za 2018 tukaangalia wote, akawa anasimamisha, anaangalia vidole vimekaa wapi kwenye mshono, anarudia, anatoka nje na mpira anajaribu. Hakuuliza tena habari ya hewa.

Sasa kama unataka alama. Uwanja wenyewe nawapa 5 kati ya 5 bila kufikiria, ukikaa siti za juu upande wa besi ya kwanza unaona jua linazama nyuma ya milima, na tiketi za kule katikati nyuma wanakoita Rockpile bei yake mtu wa kawaida mwenye familia anaimudu. Usafiri safi, ukitokea Aurora unapanda treni ya A pale Peoria inakushusha Union Station, unatembea kidogo umefika. Wapigaji nawapa 2, Hunter Goodman ndo kijana wa kumwangalia. Mapitcha nawapa 1, na hiyo 1 ni ya Freeland kwa kujituma na ya Dollander kwa mlio wa ile fastiboli.

Je, nitalipia tena? Ndiyo. Novemba 2025 wamemleta Paul DePodesta kusimamia mambo ya wachezaji na Schaeffer kathibitishwa kuwa kocha, kwa hiyo angalau kuna watu wapya wa kuulizwa. Mi ninachotaka kuona si ubingwa, nataka kuona besi za bure zinapungua, nataka kuona kijana wa bulpeni anaingia akiwa tayari, nataka Dollander nyumbani awe yuleyule wa ugenini. Nikiviona hivyo vitatu hata tukipoteza mechi 95 nitajua tofali limeongezeka.

Ukienda, fika mapema, lisaa limoja kabla. Usikimbilie foleni ya chakula, nenda moja kwa moja upande wa kulia kwenye reli ya bulpeni, pitcha wa kuanza anakuja kupasha pale, unasimama karibu mpaka unasikia mpira ukiingia kwenye glovu. Ukimuona mtoto ana daftari na penseli nyuma ya sikio, huyo ni wangu, tusalimie.