CV ya fundi kwa 5,000: steshenari ya jirani na Sabasaba, Dodoma

Unakaa kwenye benchi, kijana anakuuliza jina, shule na simu, anachapa, anaprinti. Dakika 40 hivi. Kurasa mbili ni shilingi 5,000, na PDF unatumiwa WhatsApp bila nyongeza. Karatasi inatoka safi, maandishi yamepangika, picha ya pasipoti imekaa sawa. Anayeomba ukarani hana la kulalamika. Fundi anayetafuta saiti ya Mtumba au Msalato, asilipe kabla hajasoma.

Kwanza, wanachapa juu ya faili la mteja aliyepita. Kwenye CV ya fundi nondo, sehemu ya malengo ilibaki ikisema anatafuta nafasi ya ukatibu muhtasi, na mdhamini wa pili alikuwa wa mtu mwingine kabisa. Formeni akipiga namba ya mdhamini huyo ataambiwa huyo fundi hafahamiki, na mchezo umeisha.

Kubwa zaidi ni vyeti. Kwao "Grade I" na "Level I" ni kitu kimoja. Si kimoja! Kwenye majaribio ya ufundi ya zamani, Grade III ndiyo ya chini na Grade I ndiyo ya juu. Kwenye vyeti vya VETA vya sasa ngazi zinapanda: Level I ndiyo ya kuanzia, Level III ndiyo ya juu. Neno moja likikosewa, unashushwa au unaonekana mwongo cheti kikifunguliwa. Nenda na nakala, waandike kama kilivyo, pamoja na mwaka. Fundi umeme aongeze daraja la leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) na tarehe inapoisha.

Kwenye uzoefu wameweka "miaka 6, mchapakazi, hufanya kazi bila kusimamiwa". Kila mtu ni mchapakazi kwenye karatasi. Formeni anatafuta mstari wa namna hii:

"2022–2023, jengo la ghorofa 3, Dodoma: kukata, kukunja na kufunga nondo za mm 12 na 16 za nguzo, bimu na slabu, ringi za mm 8 kila mm 200, nasoma mchoro na jedwali la nondo, vibarua 4 chini yangu."

Hapo anajua akukabidhi nini kesho asubuhi. Fundi bomba ataje aina ya bomba, saizi, na kama anapima presha kabla ukuta haujapigwa plasta. Fundi tofali aseme inchi 5 au 6, na kuta za urefu gani. Vifaa vyako mwenyewe, kuanzia pima maji hadi grainda, vipate mstari wao, burudani zifutwe.

Namba ya NIDA waliiweka juu kabisa. Iondoe, utaitoa ukishaajiriwa. CV hizi huzunguka kwenye magrupu. Lugha nayo wanachagua wao, Kiingereza tu. Kwa mkandarasi wa kigeni sawa, mradi uweze kueleza kilichoandikwa ukiulizwa. Kwa formeni wa mtaani, omba nakala ya Kiswahili.

Uchapaji 4 kati ya 5, maudhui 2. Andika mwenyewe daftarini, uwape wachape tu. Uende asubuhi, jioni wanafunzi wanajaa na kompyuta ni mbili.