TAHADHARI: Kadi ya sauti ya FireWire Kariakoo, inauzwa, inarudi, inauzwa tena

Wakuu, habari za saa hizi. Hii inawahusu wenye studio ndogo, kwaya, madrasa, watu wa podikasti na yeyote anayetafuta kadi ya sauti ya mtumba (kile kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) kwa ajili ya Mac, kompyuta za Apple. Kuna muuzaji Kariakoo, ghorofani, anauza kadi inayounganishwa kwa FireWire, aina ya waya wa zamani, na anajua fika haitafanya kazi kwenye kompyuta yako. Simtaji. Nikimtaja leo, kesho atafungua ukurasa wenye jina jingine. Ninachoeleza ni anavyofanya, maana hicho habadilishi.

Nina kichumba cha kurekodia Sinza. Kinachonilisha si muziki, ni yale matangazo ya spika za madukani, "karibu mteja, bei ya kutupa", yanayozunguka kutwa mpaka majirani wanawaza kuhama. Kwa kazi hiyo kadi ya maiki mbili inatosha kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2025 nikapata kazi ya kwaya: waimbaji ishirini na wawili, kinanda na ngoma, na mwalimu wao anataka kila kundi la sauti lirekodiwe peke yake. Kwa maiki mbili hapo unachekesha watu. Kadi mpya ya USB yenye matundu manane ya maiki niliyoulizia ilikuwa inavuka milioni moja, na kazi nzima ilikuwa inalipa laki sita.

Ndipo nikakutana na tangazo lake. Kadi ya kitaalamu, matundu manane, mtumba wa Ujerumani, 380,000, waya zote ndani.

Nikaenda. Jamaa ni mstaarabu, nikiri. "Karibu kaka, kaa, jua kali." Akaagiza maji. Mezani ana MacBook Pro ya zamani, ile nene yenye mlango wa CD ubavuni. Akachomeka waya mmoja tu moja kwa moja kwenye laptopu, taa ya bluu ikawaka, akanivisha hedifoni, akasogeza maiki. Nikasikia feni ya dukani inavyozunguka. Nikasikia mpaka mama wa chumba cha pili anavyobishana bei ya chaja. Sauti safi, haina mvumo. Kasoro niliyoiona ni moja: kitufe cha nne hakina kofia, kimebaki kile kijiti cha chuma. Nikajisemea, kumbe ndiyo maana bei iko chini.

Nikamwambia mimi natumia MacBook Air yenye chipu ya M1. "Hakuna shida bosi, hii ni Mac kwa Mac." Akanipa vichwa viwili vya kuunganishia, kimoja cha kutoka Thunderbolt 3 (tundu la Mac za sasa) kwenda Thunderbolt 2, kingine cha kutoka hapo kwenda FireWire. Risiti akaandika kwa mkono, chini kuna mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikiwa tayari mlangoni, akanikumbusha kitu: "Kaka, Mac yako usije ukaiapdeti kwa sasa, eh? Hizi apdeti zinasumbua."

Ningekuwa na akili zangu siku hiyo ningegeukia palepale. Nilikuwa nimeshaapdeti mwezi mzima nyuma.

Sinza nikaunganisha kama alivyonielekeza. Taa ya bluu ikawaka, maana kadi inapata umeme wake ukutani. Nikafungua mipangilio ya sauti: spika za laptopu, maiki ya laptopu, basi. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha tundu. Nikapuliza vichwa kama tulivyokuwa tunapuliza kaseti za gemu utotoni. Wapi!

Usiku ule nikakaa kusoma, na haya ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla sijapanda ngazi za duka lile. FireWire ni njia ya kuunganisha vifaa iliyoanzia kwa Apple wenyewe, ikawa kiwango rasmi mwaka 1995, na mwaka 1999 ikaingia kwenye kompyuta za Mac. Hata iPod ya kwanza ya mwaka 2001 ilikuwa inawekewa nyimbo kwa FireWire. Studio nyingi za Ulaya na Marekani ziliishi kwa waya huo kwa sababu ulibeba sauti nyingi kwa pamoja bila kukatakata. Mac za mwisho kutengenezwa na tundu lake ni matoleo ya mwaka 2012. Baada ya hapo watu wakaendelea kwa vichwa kama vile nilivyopewa, na mambo yakaenda hadi toleo la 15 la macOS, mfumo unaoendesha Mac, linaloitwa Sequoia. Tarehe 15 Septemba 2025 ikatoka macOS 26, Tahoe, na humo FireWire imeondolewa. Haijaharibika, wala hakuna mahali pa kubonyeza ili irudi. Ni sawa na kumpigia mtu aliyekwisha kutupa laini: salio unalo, mtandao upo, yeye hapatikani.

Sasa irudie ile laptopu ya mezani kwake. Mac ya kubeba yenye mlango wa CD haipandi kihalali zaidi ya Catalina, mfumo wa mwaka 2019. Kwa hiyo pale dukani kadi itawaka na kuimba leo, kesho na mwakani. Ndiyo kazi ya ile laptopu.

Kesho yake nikarudi. Hakunifokea, hakunikana. "Pole sana kaka, hizo ni fujo za Apple, zinatutesa hata sisi." Akafungua droo akatoa kidude, upande mmoja FireWire, upande wa pili USB. Elfu thelathini na tano. Nikanunua. Ndiyo, nikanunua, mnaruhusiwa kucheka.

Kilichoniokoa ni kwamba njiani nilipitia kwa fundi wangu. Akakitazama, akachukua kisu, akakipasua mbele yangu. Ndani hamna chipu hata moja. Ni nyaya nne zimeunganishwa huku na huku, zimemwagiwa plastiki. FireWire na USB haziongei lugha moja, na nyaya tupu haziwezi kutafsiri. Tena kuna hatari: njia ya FireWire inaruhusiwa kubeba umeme wa hadi volti 30, wakati tundu la kawaida la USB linafanya kazi kwa volti 5. Ukichomeka kiholela unaweza kuunguza kilicho upande wa pili. Hivi vidude vinauzwa kila mahali, hata mtandaoni, kwa hiyo hili si la muuzaji mmoja. Kwa kadi ya sauti usikinunue, hata cha buku.

Nikampigia. Akasema basi shida itakuwa driva, na yeye ana kijana wake wa kuiweka kwa mbali kwa elfu hamsini. Niweke programu ya kumruhusu aingie kwenye laptopu, nishushe ulinzi wa Mac, halafu nimtajie neno la siri. Nikamuuliza driva yenyewe inaitwaje. Akaanza kuzunguka. Driva (si yule wa daladala) ni programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kifaa chako. Lakini kama mfumo umeondoa njia yenyewe, driva ya kadi inapita wapi? Na laptopu ile ina barua pepe yangu, ina kazi za wateja, ina akaunti yangu ya benki. Nikakataa. Kama kuna mtu hapa aliyekubali kwa huyu au kwa mwingine, futa hiyo programu leo, badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine, kisha wajulishe benki yako.

Hapo sauti yake ikalainika kabisa. "Kaka, mimi siyo mtu mbaya. Mali hairudishwi, umeona mhuri. Lakini kwa ubinadamu tu, niletee nikupe nusu." Kwaya ilikuwa Jumamosi na nilihitaji hela ya kukodi kadi ya jamaa wa Mwananyamala. Nikapeleka, nikapewa 190,000. Na nikamshukuru! Nimetoka pale namwona muungwana.

Wiki iliyofuata nikasimulia kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa studio. Mwalimu wa kwaya mmoja wa Morogoro akatuma picha bila maneno. Kadi ileile, kitufe cha nne hakina kofia. Alinunua Oktoba kwa 360,000, akarudishiwa 180,000 "kwa ubinadamu". Kabla hatujamaliza kushangaa, ustadhi wa Tanga naye akasema alinunua Novemba kwa bei niliyotoa mimi, akarudisha, akapewa nusu. Kijiti cha chuma kilekile.

Mnaiona biashara? Hauzi kadi. Anaikodisha kwa bei ya wizi. Mizunguko mitatu tuliyokutana kwenye kundi moja imemwachia 560,000, na kadi bado anayo. Kidude cha elfu thelathini na tano sijakihesabu. Kadi ikifanya kazi kwa mteja, yeye ndiye anapata hasara, kwa sababu haitarudi.

Nisimwonee mtu, si kila kifaa kinachonyamaza baada ya apdeti ni utapeli wa muuzaji. Januari 2025 apdeti ya usalama ya Windows iliyotoka tarehe 14 ilizima vifaa vya sauti vya USB vya kiwango cha zamani, kile cha 1.0. Kifaa kilikuwa kinaonyesha kosa namba 10, kwamba hakiwezi kuanza. Rafiki yangu yalimkuta, akapeleka kwa fundi, akaambiwa IC ya sauti imeungua, alete elfu tisini. Bahati nzuri hakuwa na elfu tisini. Marekebisho yakaja kwa apdeti nyingine, bure, kifaa kikaamka. Kwa hiyo kifaa kikinyamaza asubuhi baada ya kompyuta kuapdeti usiku, usikubali neno "imeungua" kabla hakijajaribiwa kwenye kompyuta nyingine ambayo haijaguswa na apdeti hiyo.

Na kadi za FireWire zenyewe si takataka. Kama una Mac iliyobaki Sequoia au chini yake, na driva ya kadi hiyo inakubali mfumo wako, unaweza kupata mali ya milioni kwa laki mbili au tatu. Muuzaji mwaminifu anakwambia mapema: hii mwisho macOS 15. Nimekutana naye mmoja, yupo, anauza polepole lakini watu hawarudi na kelele. Waliokwisha kupanda Tahoe kwa mashine kama yangu ya M1 mnaweza kurudi Sequoia, ila ni kufuta kila kitu na kusimika upya, kwa hiyo hifadhi kazi zako pembeni kwanza. Waliochukua laptopu iliyotoka kiwandani na mfumo wa 26, kama zile za M5, kurudi nyuma hakuna.

Ukienda kununua, nenda na kompyuta yako mwenyewe. Hili ndilo ningelizingatia ningepewa nafasi ya kurudia. Muuzaji akileta hadithi ya "tumia hii ya kwangu, ni kitu kilekile", mshukuru, maliza maji yako, shuka ngazi. Akikubali, rekodi nusu saa bila kusimamisha, kisha isikilize, maana kuna kadi zinashika dakika tano halafu zinaanza kupasuapasua sauti. Kama huna haraka ya matundu mengi, tafuta kadi ya USB isiyodai driva yake yenyewe, inayotumia njia ya sauti iliyomo tayari ndani ya mfumo. Kadi za aina hiyo apdeti haziziyumbishi sana. Lipa kwa namba ili ushahidi ubaki kwenye simu, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile karatasi yangu ya mkono haikuwa na hata jina la duka, nilikuja kuligundua hilo nikiwa tayari na hasira. Wenye ushahidi, malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Sisi watatu tunakusanya picha na meseji zetu ili tupeleke kwa pamoja. Aliyeuziwa na huyu baada ya Septemba 2025 anitumie ujumbe.

Leo asubuhi imerudi kwenye ukurasa wake. "Mzigo mpya umeingia", 395,000, imepanda na bei. Safari hii kitufe cha nne kimewekewa kofia nyeusi, wakati saba zilizobaki ni za kijivu. Lakini kabla sijairudisha nilifanya kitu kimoja ambacho hajakiona, kwa sababu picha zake zote ni za mbele. Ukifika pale iombe uigeuze. Chini, pembeni mwa mguu wa raba wa kushoto, nimekwaruza kwa msumari: 26 HAPANA.