Kituo cha kuwatafutia makao mbwa wakubwa, Malindi: maoni ya mteja

Mtoto wa mbwa hakosi mtu wa kumchukua. Anayebaki kituoni ni mbwa aliyekwisha kukua, hasa yule mwenye nguvu nyingi, ambaye mgeni akimwona anavyorukaruka bandani humdhania mkali. Kituo nilikomchukua Bosi, dume la makamo, kiko nje kidogo ya mji wa Malindi, na sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hakimfichi mtu tabia za mbwa ili kipate kumwondoa upesi.

Mhudumu hakuanza kwa kunizungusha mabandani. Aliuliza kwanza kama ua wangu una ukuta au michongoma, nani hushinda nyumbani, kama nafuga kuku, na majirani zangu ni watu gani. Swali hili la mwisho ndilo lililonipa imani naye. Mtaani kwetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao kufuga mbwa wa ulinzi kunaruhusiwa, lakini mate yake ni najisi, na nguo iliyoguswa nayo huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa anayemrukia kila apitaye, hata kwa furaha tu, si kero ndogo kwa mzee anayekwenda kuswali Alasiri na kanzu yake safi. Kwa sababu hiyo mbwa wa hapo hufundishwa kuketi kabla ya kusalimiwa: kila Bosi aliponyanyua miguu ya mbele mhudumu alimgeuzia mgongo bila kusema neno, na makalio yalipogusa chini ndipo alipotupiwa kipande cha ini. Nyumbani tumeendelea na utaratibu huohuo, watoto wakiwa wakali wa sheria kuliko mimi, na majirani hawajanigongea mlango kulalamika.

Nikiwa palepale, bwana mmoja mwenye shamba alimtaka Bosi huyohuyo akamfunge langoni mchana kutwa. Mhudumu akamwambia, “Huyu hakufai, ami. Ukimfunga atabweka usiku na mchana, kisha utanirudishia,” akamwelekeza kwa jike mmoja mtulivu ambaye kazi yake ni kulala mlangoni na kunguruma. Ukiitazama shingo ya Bosi unaelewa, kwani manyoya yameota upya kwa rangi hafifu pale mnyororo wa zamani ulipokuwa ukimkata. Kituo kinachokubali kumkosa mteja namna hiyo ni adimu.

Ushauri kuhusu nguvu zake pia ulikuwa wa mtu aijuaye pwani. Mbwa hupoa hasa kwa kuhema, jasho likimtoka nyayoni tu, kwa hiyo mwendo wake wa kasi ufanywe alfajiri au baada ya jua kushuka, wala si adhuhuri mchanga unapochoma nyayo. Ufukweni, maji yakiwa yametoka, nafasi ni tele, ila kamba isimtoke mkononi mwako, maana kasa hutaga kwenye fukwe zetu na mbwa hufukua viota. Siku za mvua tuliambiwa tumfichie chakula ndani ya makumbi ya nazi autafute kwa pua. Kazi hiyo humchosha kwelikweli. Amekwisha kuhasiwa, jambo ambalo humpunguzia dume hamu ya kuzurura akifuata majike, lakini asije mtu akadhani kisu humwondolea mbwa nguvu za kukimbia.

Kasoro zipo, nazo si za kupuuzwa. Kadi ya chanjo iliandikwa tarehe tu, bila nambari ya dawa wala saini ya daktari wa mifugo, na daktari niliyempelekea akaona ni heri amchanje upya dhidi ya kichaa cha mbwa. Katika nchi iliyojiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, kadi kama ile ni uzembe. Malipo huitwa mchango, lakini kiasi chake hutajwa mwishoni kabisa, tena bila risiti. Waliahidi pia kuja kumkagua mbwa nyumbani. Hawakuja, na simu yao hupokelewa kwa bahati. Kwa mbwa mtulivu hilo lingevumilika, lakini mbwa wa aina ya Bosi huzusha maswali mengi katika wiki za mwanzo, anapochimba kila penye udongo laini na kujaribu urefu wa ukuta.

Mwenye ua uliofungwa vizuri na muda wa asubuhi na jioni aende bila wasiwasi, adai kadi iliyojazwa kikamilifu na ajue kiasi cha mchango kabla ya kumpenda mbwa. Abebe kola na kamba yake mwenyewe, kwa kuwa hapo hutolewa kipande cha manila tu, na apange usafiri mapema: wenye tuktuk wawili walimtazama Bosi wakaondoka zao.