Grauti ya bafuni: ipi ununue kama hutaki kusugua kila Jumamosi

Marumaru zenyewe hazisumbui. Ukizipitisha kitambaa zinang'aa. Kinachomchosha mwenye nyumba ni ile mistari iliyo katikati yake. Inaanza nyeupe, kisha inageuka kahawia karibu na tundu la maji, halafu koga jeusi linakaa kwenye pembe ambako shawa hupiga. Kinachojaza mistari hiyo ndicho grauti. Iliyozoeleka ni ya saruji, na saruji ina vitundu vidogo vinavyonyonya maji, sabuni na mafuta ya mwili. Kwa hiyo dukani usianze na rangi. Uliza kwanza inanyonya maji kiasi gani.

Jibu huwa limeandikwa kwenye mfuko. Kwa kiwango cha ISO 13007, na kile cha Ulaya cha EN 13888, herufi CG ni grauti ya saruji, na RG ni ya resini, yaani ya aina ya gundi inayokauka ngumu, ambayo mara nyingi ni epoksi. CG1 ni ya kawaida, CG2 imeboreshwa. Ukiona W imeongezwa, inanyonya maji kidogo; A maana yake inastahimili msuguano. Muuza duka akikuambia "hii ndiyo nzuri, mafundi wote wanachukua", geuza mfuko usome mwenyewe.

Halafu piga hesabu ya kiasi kabla ya kuogopa bei. Chukua bafu lenye sakafu ya mita za mraba 4 na kuta za mita za mraba 18. Ukutani umeweka marumaru za sentimita 30 kwa 60, chini za 30 kwa 30, unene milimita 8, mistari ya milimita 3. Bafu zima linakula takribani kilo nne na nusu, na katika hizo sakafu haichukui zaidi ya kilo moja na kidogo. Ongeza kidogo ya kumwagika. Fundi akikuandikia mifuko kumi ya kilo mbili, mwombe akuonyeshe zinakokwenda.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niweke epoksi (RG) nafasi ya kwanza, lakini kwa sakafu na sehemu inayopigwa na shawa tu. Hainyonyi maji ila kidogo mno, haihitaji kupakwa kinga, na dawa ya choo yenye asidi haiili kama inavyokula saruji. Kwa anayeoga maji ya kisima yenye chumvi, kama walivyo wengi Dar es Salaam, hili ni jambo kubwa: ule ukoko mweupe hutolewa kwa siki au asidi, na kila ukifanya hivyo kwenye grauti ya saruji unaondoka na saruji pia.

Taabu ya epoksi ni fundi. Inakuja na sehemu mbili, na zote huchanganywa kwa vipimo vya kiwandani. Kukadiria kwa macho kunaiacha laini, isikauke milele. Ikishachanganywa ina muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, na joto la Pwani linaupunguza zaidi. Fundi aanze asubuhi, aweke ndoo kivulini, achukue eneo dogo dogo na kufuta papo hapo, kwa sababu utando ukikaukia juu ya marumaru kuutoa ni kazi ya siku nzima. Avae glavu, resini inaweza kumwachia mzio wa ngozi. Kama hajawahi kuifanya, asijifunzie kwako: ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Marumaru zenye uso wa kukwaruza ndizo zinazoshika utando zaidi.

Nafasi ya pili ni CG2WA, na ukutani hii inatosha kabisa. Fundi yeyote anayejua grauti ya kawaida anaiweza. Sharti ni maji ya kukorogea yapimwe kama mfuko unavyosema. Mafundi hupenda kuongeza maji ili iteleze, na hapo ndipo grauti ghali inapotoka unga ukipitisha kidole, na rangi inakuwa mabaka.

CG1 naiweka ya tatu, kwa bajeti ndogo, mradi ununue na dawa ya kuziba vitundu na ukubali kuirudia kila baada ya muda. Dondoshea maji kwenye mstari: yakizama badala ya kukaa juu, kinga imeisha. Kama mistari yako inazidi milimita 3, chukua yenye mchanga, maana isiyo na mchanga hupasuka kwenye nafasi pana.

Iliyokorogwa tayari kwenye ndoo ni rahisi kutumia, ila nyingine haziruhusiwi sehemu yenye maji muda wote, na nyingine zinataka siku kadhaa kavu. Kwa nyumba yenye bafu moja, nani atasubiri?

Saruji nyeupe ni ya mwisho. Najua ni nafuu na ipo kila duka. Peke yake inanyonya sana, inapasuka, na ndiyo inayowafanya watu waseme marumaru nyeupe hazifai bafuni.

Rangi sasa. Sakafuni chagua kijivu cha kati. Nyeupe inaonyesha uchafu, nyeusi inaonyesha chumvi.

Pembe za ukuta na sakafu, na kuzunguka sinki, usijaze grauti ya aina yoyote. Hapo jengo hucheza na grauti hukatika. Nunua silikoni ya bafuni yenye kinga ya koga. Na kama unakarabati, grauti ya zamani ichimbuliwe angalau theluthi mbili ya kina, kwani ikipakwa juu juu itabanduka. Grauti pia haizuii maji kupita kwenda kwa jirani wa chini: kazi hiyo ni ya tabaka linalopakwa kabla ya marumaru.

Koga likijitokeza kwenye saruji, Jiki iliyopunguzwa kwa maji inafaa. Isikutane na dawa ya choo yenye asidi wala siki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu letu la kawaida lina dirisha dogo.