International House of Japan, Tokyo: nyumba niliyoitazama kwa jicho la fundi wa mbao

Binti yangu anasoma Tokyo, na profesa wake ni mwanachama wa International House of Japan, taasisi ya kukaribisha wasomi wa dunia nzima, kule mtaa wa Roppongi. Alitualika chai humo. Tangu nirudi Goma mafundi wenzangu wa mitaa ya Majengo na Birere wananiuliza palikuwaje, basi nawajibu wote hapa.

Chai ilikuwa nzuri na wahudumu wana adabu sana. Lakini mtu wa kazi yetu anaenda pale kwa ajili ya nyumba.

Jengo lilimalizika 1955, na walilichora wasanifu watatu: Kunio Maekawa, Junzo Sakakura na Junzo Yoshimura. Wawili wa kwanza walipitia mikono ya msanifu mashuhuri Le Corbusier huko Paris. Yoshimura alijifunza kwa msanifu mwingine, Antonin Raymond, na baadaye akachora jengo la Japan Society la New York, lililofunguliwa 1971. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, nasi tunajua kiwanja chenye mafundi wakuu watatu kinavyokuwa. Hapa chombo kimefika salama, na mimi naona ni kwa sababu wote watatu walikuwa na mkubwa wao, yaani bustani.

Bustani ile ni nzee kuliko nyumba. Ilitengenezwa na Ogawa Jihei wa saba, bingwa wa bustani kutoka Kyoto, kwa ajili ya Iwasaki Koyata, mkuu wa Mitsubishi. Mabomu ya 1945 yaliiteketeza nyumba ya Iwasaki, bustani ikabaki. Sisi wa Goma ambao tulirudi kujenga juu ya lava ya volkano yetu Nyiragongo baada ya 2002 tunaelewa maana ya kuanza na kile kilichobaki. Wasanifu hawakuipandia juu. Waliilaza nyumba chini, na sehemu moja ya paa wakaipanda nyasi, ili ukiwa juu uone kijani kinaendelea.

Sasa njoo karibu na ukuta. Wametumia jiwe la Oya, ambalo ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Si jeusi wala gumu kama letu la Nyiragongo. Ni la kijivujivu, laini, lina vishimo vya kuingia ncha ya kidole, nami nililipapasa hadi binti akanivuta mkono. Halafu madirisha: zege tupu, na ndani yake fremu za mbao! Mbao imeachwa ionekane mbao, mistari yake yote iko wazi, inapunguza ukali wa zege. Hilo ndilo ninalotaka lisikike Goma. Wateja wangu wakipata pesa kidogo, jambo la kwanza ni kung'oa madirisha ya mbao waweke alumini, eti mbao ni ya maskini. Pale wanakaribisha wasomi wa dunia nzima, na mbao iko mbele ya macho yao.

Nilipenda pia jinsi taasisi yenyewe ilivyozaliwa. Ilianzishwa 1952, vita bado viko kwenye kumbukumbu ya kila mtu. Mwandishi wa habari Shigeharu Matsumoto alishirikiana na Mmarekani John D. Rockefeller III, watu wa nchi mbili zilizokuwa zimetoka kupigana. Mfuko wa Rockefeller ulitoa fedha kwa sharti kwamba Wajapani nao wachange, na walichanga. Nawaheshimu kwa hilo. Nyumba uliyoichangia huwezi kuiacha ioze.

Kwa atakayefika: vituo vya treni vya karibu ni Azabu-Juban na Roppongi, na ukitokea Azabu-Juban unapanda mteremko wa Toriizaka. Vyumba vya kulala ni vya wanachama na wale wanaotambulishwa nao, kwa hiyo mwenye mtoto au ndugu anayesoma Tokyo amwambie aulizie mapema chuoni. Nenda mchana, omba meza inayotazama bustani, na kabla hujaketi kagua pembe ya fremu ya dirisha uone mbao mbili zilivyokutana.