Safari Rally: Kwenda Naivasha au Kubaki Tabora?

Mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huzua ubishi uleule kila msimu: mtu afunge safari hadi Naivasha, Kenya, yanakofanyika, au ayatazame akiwa hapa Tabora?

Kwa gharama, runinga inashinda bila mjadala. Anayekwenda hupanda basi kupitia Singida na Arusha, huvuka mpaka Namanga, kisha hukuta vyumba vya Naivasha vimepanda bei wiki hiyo. Kwangu mimi, malazi hutisha kuliko nauli. Anayebaki hulipia king'amuzi na umeme tu, ingawa Luku ikikata gari likiwa hewani, atajilaumu mwenyewe.

Kuhusu kuona, mambo hayako wazi hivyo. Kando ya njia gari hupita kwa sekunde chache, kisha mtazamaji hungoja la pili akifuta machoni vumbi la Kedong, moja ya njia za mashindano hayo, ilhali skrini humwonyesha muda wa kila dereva. Lakini skrini haitikisi ardhi chini ya miguu.

Mwenye ndugu wa kumlaza Nakuru, jirani na Naivasha, ana sababu ya kwenda. Mwenye ada ya shule inayomsubiri, kiti chini ya mwembe kinamtosha.