Kituo cha Belin-Blank, Chuo Kikuu cha Iowa: Mteja Wake Halisi ni Mwalimu

Kituo cha Belin-Blank cha Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, hujulikana zaidi kwa kambi zake za majira ya joto, ambako wanafunzi wenye vipawa hukusanyika mjini Iowa City na kusoma kwa kasi wasiyoipata katika shule zao. Sifa hiyo si ya bure. Hata hivyo, nikizitazama huduma zake zote kwa pamoja, naona kwamba anayefaidika zaidi ni mwalimu, na kwamba mtoto mwenyewe hunufaika kwa muda mrefu pale tu ambapo mwalimu wake naye amenolewa.

Kituo kilianzishwa mwaka 1988 na kuongozwa kwa miaka mingi na Nicholas Colangelo, na jina lake linawaenzi Connie Belin na Jacqueline Blank. Mazingira yake yanaeleza mengi kuhusu tabia yake, kwa kuwa Iowa City ndio mji ulikozaliwa ACT, mtihani wa kuingilia chuo kikuu, mwaka 1959, kwa juhudi za E. F. Lindquist, profesa wa chuo hichohicho. Kupima kwanza na kuamua baadaye ni desturi ya hapo, na desturi hiyo ndiyo nguvu ya kituo na, kwa kiasi fulani, udhaifu wake.

Huduma ya kwanza ya kuangaliwa ni upimaji wa wanafunzi kwa mitihani ya madarasa ya mbele yao. Wazo lenyewe halikuanzia Iowa. Lilipata umaarufu kutokana na kazi ya Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, uliotungwa kwa ajili ya wanaotaka kuingia chuo kikuu. Chukua wanafunzi wawili wa darasa la 5 ambao katika mtihani wa kawaida wamepata alama zinazolingana, wote wakiwa juu kabisa ya wenzao. Kwenye karatasi hawana tofauti, kwa sababu maswali yamewaishia kabla uwezo wao haujafika kikomo. Wape maswali ya darasa la 8, na mmoja huenda akawa chini ya wastani wa darasa hilo, jambo ambalo kwa umri wake bado ni la kupongezwa, huku mwenzake akiwapita wengi wa wanafunzi hao wakubwa. Wa kwanza anatoshelezwa na kazi za kina zaidi ndani ya darasa lake. Wa pili anahitaji kufundishwa mambo ya mbele, na kumwongezea kurasa za mazoezi yaleyale ni sawa na kumwadhibu kwa kuwa na akili.

Matokeo kama hayo yakimfikia mwalimu asiyejua la kuyafanyia, hubaki kabatini. Hapo ndipo kazi kubwa ya kituo inapoanzia, yaani suala la kurusha darasa, au kumpandisha mtoto bila kupitia darasa linalofuata. Mwaka 2004 wataalamu wake walishirikiana na mtafiti Miraca Gross wa Australia kutoa ripoti iitwayo A Nation Deceived, ambayo ilikusanya ushahidi wa miongo kadhaa kuonyesha kwamba hofu ya walimu wengi, kwamba mtoto aliyerushwa darasa ataharibika kijamii na kihisia, haina mashiko katika utafiti. Ripoti ya pili ilifuata mwaka 2015, nayo iliorodhesha njia 20 za kumharakisha mwanafunzi, kuanzia kuanza shule mapema hadi kusoma somo moja tu pamoja na darasa la juu.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kituo hakikuishia kwenye kuhubiri. Chombo chake cha kuamulia, Iowa Acceleration Scale, kiliwaketisha pamoja mzazi, walimu na uongozi wa shule wapitie uwezo wa mtoto, maendeleo yake ya masomo, ukuaji wake, uhusiano wake na watu na utayari wa shule inayompokea. Ndani yake mlikuwa na vizuizi vinavyoonyesha kwamba waliokitunga wanawafahamu watoto, si alama tu. Mtoto hapaswi kurushwa iwapo ana ndugu katika darasa alilomo au katika darasa analopelekwa, wala iwapo yeye mwenyewe hataki. Mtu yeyote aliyewahi kuona kaka akikaa dawati moja na mdogo wake aliyempita atakubali kwamba kizuizi hicho kina thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Integrated Acceleration System, ambao pia unahusu kusoma somo moja tu pamoja na darasa la juu, kuanza shule mapema na kuingia chuo kikuu mapema. Kwa maoni yangu, hata kama kituo kisingekuwa na huduma nyingine, hii peke yake ingetosha kukipa heshima.

Upande wa mafunzo ya walimu umepangwa kwa kufuata mahitaji ya jimbo. Sheria za Iowa zinazitaka wilaya za shule ziwe na programu kwa wanafunzi wenye vipawa, na mwalimu anayekabidhiwa programu hiyo huhitaji idhini maalumu kwenye leseni yake, inayopatikana kwa krediti 12 za masomo. Masomo hayo yamegawanywa katika saikolojia ya wanafunzi hao, upangaji wa programu, uongozi na mafunzo kwa vitendo, na mengi hutolewa mtandaoni. Sehemu ya saikolojia naiona kuwa ya lazima, kwa sababu walimu wengi huingia kazini wakiamini kwamba mtoto mwenye kipawa ni yule mtulivu, mwenye daftari safi na anayenyoosha mkono kila mara. Kliniki ya kituo, inayotoa tathmini na ushauri nasaha, imejijengea jina katika kuwahudumia wanafunzi ambao wana kipawa na wakati huohuo wana usonji, ugumu wa kusoma au shida ya kumakinika. Watoto hao ni rahisi kupotea, kwa kuwa kipawa huficha tatizo na tatizo huficha kipawa, na mwalimu huona mtoto wa kawaida tu ambaye ni mvivu.

Kambi za majira ya joto sina la kuzilaumu katika yale yanayofanyika ndani yake. Zipo hata nafasi za wanafunzi wa sekondari kushiriki utafiti katika maabara za chuo, na kwa wachache zaidi ipo Bucksbaum Academy, inayowaruhusu kuingia chuo kikuu baada ya darasa la 10. Lakini kambi hudumu kwa majuma machache, kisha mtoto hurudi kwenye darasa lilelile alilolikimbia.

Dosari ninayoiona katika utaratibu huu wote iko mlangoni. Mtihani wa darasa la mbele humfikia zaidi mtoto ambaye tayari ana alama za juu na mtu mzima wa kumpendekeza, hivyo yule aliyechoshwa na masomo mepesi kiasi cha kuacha kujibu maswali, au yule asiye na mzazi wa kufuatilia, hukwama kabla ya kuanza. Kituo kimelipunguza tatizo la umbali kwa wanafunzi wa vijijini Iowa kupitia masomo ya mtandaoni ya ngazi ya chuo yaliyoanza mwaka 2001, ila umbali si kizuizi pekee.

Kwa mwalimu aliye nje ya Iowa, idhini ya leseni ya jimbo hilo haina maana kubwa, na ningemshauri aanze na ripoti hizo mbili, ambazo hutolewa bure mtandaoni, kisha achague kozi moja ya saikolojia kabla ya kufikiria chombo chochote cha kupimia. Mzazi, kwa upande wake, asimwandikishe mtoto kambini kabla ya kuiuliza shule swali moja: mtoto akirudi na ushahidi kwamba yuko mbele ya darasa lake kwa miaka miwili, nani atakaa kikao kuamua asome nini?